Kitmiri Analala na Mbuzi

Naomba radhi kwanza kwa masheikh na jamaa zangu wa Malindi, maana leo nataka kuandika habari za mbwa. Najua wapo watakaoligeuza gazeti wakasome michezo. Hata sisi malenga, tangu zamani, mbwa hatumtaji ila tukitaka kumtukana mtu. Lakini huu ni mwaka wa nne nakaa naye, na aliyonifunza si mambo ya kuficha.

Nina mbuzi arubaini na kitu nyuma ya Malindi, upande wa Marafa, katika shamba aliloniachia marehemu baba. Karo za wanangu watatu zimetoka zizini humo, kwani ushairi, msomaji wajua, haumlishi mtu. Basi usiku mmoja fisi walivunja zizi wakaua mbuzi watano, wawili wakiwa na mimba. Asubuhi nilimkuta mchungaji wangu, kijana wa Kigiriama, ameinama juu ya kinu analia. Jirani mmoja alishauri tutie sumu katika mizoga. Nikakataa. Sumu haichagui, ikimkosa fisi itampata tai, na ikimkosa tai itampata mtoto.

Rafiki yangu mmoja wa bara, mfugaji wa kondoo, ndiye aliyenieleza habari za mbwa wa Anatolia. Katika nchi ya Uturuki, mkoa wa Sivas, kuna mji uitwao Kangal, na mbwa maarufu wa huko ameitwa kwa jina la mji huo. Ni mnyama mkubwa, dume lake hufika kilo 50 na kupita, rangi yake ya mchanga na uso mweusi kama aliyeingiza kichwa jikoni. Wachungaji wa kule humvika shingoni ukanda wa chuma wenye miiba mirefu, ili mbwa mwitu akimrukia koo aumie yeye. Wala hawamlishi nyama kila siku. Humkandia unga wa shayiri kwa maji, chakula wanachokiita yal. Na wachungaji hao, ndugu msomaji, wengi wao ni Waislamu kama mimi.

Mbegu hiyo imekwisha kufika Afrika. Huko Namibia, bibi mmoja wa Kimarekani, Laurie Marker, aliyeanzisha shirika la Cheetah Conservation Fund mwaka 1990, alianza mwaka 1994 kuwagawia wafugaji mbwa hawa ili waache kuwapiga risasi duma. Wafugaji wengi walieleza kwamba hasara yao ilipungua sana. Mbuzi akilindwa, duma naye husalimika.

Nikapewa kitoto cha miezi miwili. Hapo ndipo nilipokosea. Ilikuwa likizo, wajukuu wamejaa shambani, nao wakamfanya mwenzao. Walimpa biskuti, wakampa mkate wa maji, wakamlaza barazani juu ya gunia. Mimi nikacheka tu. Alipofika miezi sita tukamtoa na mbuzi kwenda malishoni. Alikwenda nusu ya njia, akageuka, akarudi kukaa barazani kungoja watoto ambao walikwisha rudi Mombasa zamani. Nilimrudisha kwa mwenyewe kwa aibu. Rafiki yangu akaniambia, "Bwana wee, hukulea mlinzi wa mbuzi. Umelea kitinda mimba."

Akanieleza siri yenyewe. Mbwa wa namna hii hafunzwi kama mbwa wa polisi, wa kuambiwa kaa, simama, kamata. Hafukuzi mbuzi kama mbwa wa kuswaga kondoo. Kazi yake ni kuwa mmoja wao. Wataalamu wa Kimarekani, Raymond na Lorna Coppinger, waliowachunguza mbwa hawa tangu miaka ya 1970, walionyesha kwamba katika wiki kama kumi na sita za mwanzo wa maisha yake, mbwa huamua ni nani jamaa zake. Akizikuta pua za mbuzi, jamaa zake ni mbuzi. Akizikuta biskuti, basi ni biskuti.

Wa pili alipokuja hakuiona baraza. Alitoka garini akaingia zizini moja kwa moja. Tulimtengea pembe kwa fito, yeye apenye na mbuzi mkubwa asipenye, ili beberu akimtisha apate pa kukimbilia. Alikula humo, akalala humo, akanuka kama wao. Usiku wa kwanza alilia mpaka alfajiri, nami nilikuwa nimelala kitandani nimeziba masikio. Tulimshika dakika chache tu kila siku: tulimwita jina, tukamfunua meno, tukamgusa masikio, tukamzoeza kamba. Hilo ni lazima, kwa sababu mbwa asiyeshikika hawezi kuchanjwa kichaa wala kutolewa kupe, na kupe wa kwetu ni maradhi matupu.

Jina nilimpa Kitmiri, ambalo wafasiri wengi wamelitaja kuwa jina la mbwa wa wale vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf. Maalim wa mtaa alilipinga. Akanikumbusha tuliyoyasoma pamoja chuoni, katika Safina: najisi ya mbwa ni nzito, huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Akanikumbusha pia kuwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa.

"Nyumbani hayumo, maalim," nikamwambia. "Yumo zizini."

Naye ni mtu mwadilifu. Alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba hadithi iliyokataza kufuga mbwa imemtoa mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Nilipokuwa narudi ndipo lilinijia jambo ambalo sikulifikiri kabla. Sheria niliyoisoma nikiwa mtoto, nikaidhani ni ya kumkimbia mbwa, ndiyo ingalinifaa kwa yule wa kwanza. Mlango aliokatazwa Kitmiri ndio uliomfanya awe mlinzi.

Msidhani mambo yalinyooka. Alipofika miezi minane alishikwa na utoto, akaanza kuwafukuza wana-mbuzi, mmoja akamrarua sikio. Wengi humwua mbwa katika umri huo wakisema ameharibika. Sisi tulimkemea, tukamning'iniza kigogo shingoni kimgonge magoti akikimbia, tukamweka na mbuzi wazima tu. Lakini mwalimu wake hasa alikuwa mbuzi mmoja mweusi aliyezaa juzi yake, aliyempiga pembe za mbavu mpaka akapiga ukemi. Alikaribia miaka miwili ndipo akatulia.

Sasa kazi yake nyingi ni kelele. Hubweka usiku kucha, akaizunguka mipaka na kuikojolea, na fisi wakisikia harufu na sauti ile huona bora waende kwingine. Jirani wananung'unika kwa usingizi wao, na wana haki. Njia ya akina mama waendao maji alfajiri nimeihamisha mbali na zizi kwa gharama yangu, maana mtu mgeni kwa Kitmiri ni mgeni. Nasikia vijana wa mjini wananunua mbwa kama hawa wakawafunga minyororo getini kwa fahari. Mimi nasema ni dhuluma, na iko siku itamwagika damu.

Ramadhani iliyopita, baada ya daku, fisi walikuja watatu. Tulipofika na kurunzi walikwisha kimbia, mbuzi wote wazima, na Kitmiri amesimama mbele ya mlango wa zizi, bega limechanika mpaka nyama nyeupe. Mchungaji alimshika kichwa, mimi nikamwosha kwa maji ya chumvi mpaka daktari wa mifugo alipopatikana. Mikono yangu ilijaa damu na mate mpaka viwikoni, na adhana ya alfajiri inalia.

Niligeuka nikamwona mke wangu amesimama na ndoo ya maji na kata ya mchanga. Miaka yote hiyo hakupata kumtaja mbwa yule ila kwa kusema "huyo wako".

"Kitmiri atapona?" akauliza.

Nikamwambia inshallah. Akaimimina kata ya kwanza mikononi mwangu, akaanza kuhesabu.