Si Kila Pengo ni Jino Lililong'oka

Siku hizi ni nadra kuketi barazani Mombasa, Lamu au Malindi usisikie habari za mtoto wa fulani aliye Marekani. Habari ikiwa ni ya kufuzu, watu hupongezana. Lakini iko moja ambayo ikifika huzusha minong'ono: "Amemaliza chuo, lakini huko kwenye udaktari wa meno haendi mpaka mwakani." Hapo utamsikia huyu akiuliza kama amefeli, na yule akikata shauri kuwa dunia imekwisha kumteka. Mama mtu naye hukosa la kujibu, kwani hata yeye hajaelezwa lililomkalisha mwanawe.

Wenyewe Wamarekani huuita mwaka huo mwaka wa pengo. Jina limesadifu, maana mapengo nayo si mamoja. Mtoto wa miaka saba ana pengo na kibogoyo ana pengo. La mtoto lina jino chini ya ufizi, linakuja. La kibogoyo halina kitu. Basi swali la kuuliza si kama kijana amesimama, bali ni kama chini ya ufizi mna jino.

Kwanza tufahamu kuwa mpango wa huko si wa huku. Hapa Kenya, kijana aliyepasi vizuri kidato cha nne huweza kuingia moja kwa moja Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako udaktari wa meno umekuwa ukifundishwa tangu mwaka 1974, akasoma miaka 5. Marekani, aghalabu husoma kwanza shahada nyingine kwa miaka 4, kisha ndipo aingie chuo cha meno kwa miaka 4 mingine. Vyuo vya namna hiyo ni vya zamani huko. Cha kwanza kilifunguliwa Baltimore mwaka 1840.

Baina ya shahada hizo mbili kuna mlango, na mlango huo una zamu zake. Maombi hufunguliwa baina ya Mei na Juni, na masomo huanza mwaka unaofuata. Atakaye kupita bila kusimama, hana budi awe ameshafanya mtihani wa kuingilia, wenye baiolojia, kemia, hesabu, kusoma, na kupima jicho linavyotambua maumbo, na awe ameshaomba kabla hata hajaanza mwaka wake wa mwisho. Asiyewahi, akangoja mpaka avae joho, kalenda yenyewe humpa mwaka mzima. Hapo hakuna aliyefeli.

Wako wengine wasimamao kwa kukusudia. Huyu alama zake za kemia zimelegea, ataka kuzikaza. Yule hajapata saa za kutosha za kuketi kando ya daktari akitazama jino linavyozibwa, na vyuo hupenda mwombaji aliyeiona kazi kwa macho yake. Mwengine huajiriwa kuwa msaidizi wa daktari wa meno, akajua mapema kama ataweza kuinamia vinywa vya watu maisha yake yote. Na wako, haifai kuficha, walioomba wakakataliwa, wakarudi kujipanga upya. Kukataliwa mara moja si mwisho wa safari.

Lakini jambo zito zaidi ni fedha. Chuo cha meno Marekani ni ghali mno, na wengi hutoka na deni la dola laki mbili au tatu. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2025 imeweka kikomo cha mikopo mipya ya serikali kwa masomo ya namna hii kuanzia Julai 2026: dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa jumla. Viko vyuo ambavyo karo yake peke yake yapita hapo. Na mikopo hiyo ina riba, neno ambalo mzazi Mwislamu hawezi kulisikia akatulia. Hukumu yake tuwaachie masheikh. Lakini kijana anayetaka kuikwepa ana haki ya kupewa muda wa kutafuta njia nyingine. Iko, kwa mfano, serikali kuwalipia karo raia wanaokubali kwenda kutibu baadaye katika sehemu zenye uhaba wa madaktari. Mambo hayo hayapatikani kwa siku mbili; yataka barua, mashahidi na subira.

Hata hivyo tusidanganyane. Mshahara wa msaidizi hautalipa karo ya miaka 4. Utapunguza kidogo tu. Na kila mwaka anaosimama mwanzoni, ni mwaka mmoja wa pato la daktari unaopunguka mwishoni. Mwaka wa pengo nao una bei yake, na aununuao ajue anachonunua.

Wahenga wetu hawakutupa neno moja katika hili. Walisema subira ni ufunguo wa faraja, na wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kauli zote mbili ni kweli, lakini kila moja ina mahali pake. Wazee waliokuwa wakifanya kazi katika Bandari ya Kale ya Mombasa walijua kutofautisha. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na hayakuweza kurudi mpaka kusi lianze kuvuma. Kati yake mabaharia hawakulala. Walikalafati, walipaka deheni, walishona matanga, waliuza tende na kununua boriti. Upepo ulipogeuka ulikuta chombo tayari.

Je, vijana wetu wa huku? Wao pia wana pengo, ijapokuwa hatulipi jina hilo. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, na chuo kikuu hufungua Agosti au Septemba. Miaka ya nyuma kungoja huko kuliwahi kufika karibu miaka miwili. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwapeleka wanaongojea chuo kikuu katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, na baadaye utaratibu huo ukaachwa. Leo kijana huachiwa mwenyewe, na wengine muguka ndiyo huwapokea. Tunamhukumu wa Marekani aliyesimama akifanya kazi, ilhali wa kwetu amekaa miezi tisa na hakuna amwulizaye anafanya nini.

Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo wengi hughafilika nazo. Kwa hivyo mzazi asimzuie mwanawe kusimama, bali amwulize mambo matatu: umesimama kwa sababu gani, kila siku utafanya nini, na utaondoka lini? Akiwa na majibu, mpe radhi zako. Akibabaika, hapo ndipo pa kuhofia, kwani mshahara wa kwanza ni mtamu, na wengi walisema mwakani mpaka wakasahau.

Na kwa binti tuzidi uangalifu. Akisimama mwaka, posa huanza kubisha hodi, na walimwengu husema masomo yamekwisha. Ndoa ni kheri, wala haipingani na elimu, lakini mwaka aliouomba kwa ajili ya chuo usigeuzwe kuwa mwaka wa kumfungia chuo. Wake zetu na mama zetu nao wataka daktari wa meno wa kike wa kumfungulia kinywa bila haya.

*Mngojea si mjinga, kama ana la kufanya,*
*Akawa ashona tanga, na kamba azikusanya,*
*Mvivu hutia nanga, misimu ikamsonya,*
*Ajuaye kujipanga, hahitaji wa kuonya.*