Seva za Pembeni katika Michezo ya Simu

Wengi wenu mlio makambini na vituoni hupitisha saa za mapumziko kwa michezo ya simu. Michezo mingi ya namna hiyo haikai yote ndani ya simu. Orodha ya wachezaji, silaha zao na ushindi wao huhifadhiwa katika kompyuta ya kampuni iitwayo seva. Mtu akiunda seva ya kuigiza na kuwaalika watu wacheze humo pasipo idhini ya mwenye mchezo, hapo ndipo swali la sheria linapozuka.

Watetezi wake husema kwamba hakuna aliyeibiwa, kwa kuwa mchezo wenyewe hutolewa bure. Hoja hiyo ni dhaifu. Mchezo wa bure huishi kwa vitu vinavyouzwa ndani yake, na mwenye seva ya pembeni huvigawa ovyo au huviuza yeye. Mwaka 2010 mahakama ya California, Marekani, iliamuru mwendeshaji wa seva ya Scapegaming ailipe kampuni ya Blizzard zaidi ya dola milioni 88. Mchezo ulioigwa, World of Warcraft, ni wa kompyuta, lakini kanuni ni ile ile. Zaidi ya dola milioni 3 zilihesabiwa kuwa mapato yake haramu. Karibu zote zilizosalia zilikuwa fidia ya dola 200 kwa kila mmoja wa wanachama 427,393. Mshtakiwa hakufika kujitetea. Nchini China, tangu mwaka 2021, anayekiuka hakimiliki kwa kutafuta faida aweza kufungwa hadi miaka 10.

Hata hivyo, si kila mwenye seva ni mlanguzi. Nostalrius, iliyoendeshwa na watu wa kujitolea bila malipo, iliwarudishia wachezaji toleo la kale ambalo Blizzard ilikuwa imeliacha. Ilifungwa Aprili 2016 kwa tishio la mashtaka. Mwaka 2019 kampuni hiyo hiyo ikalifungua rasmi toleo la kale! Kisheria vijana wale walikosa. Kiu ya wachezaji waliiona mapema kuliko kampuni.

Kwa askari liko jambo zito zaidi. Ili kuingia katika seva ya pembeni, mara nyingi hapana budi kuweka simuni programu iliyotoka nje ya duka rasmi. Programu ya aina hiyo yaweza kuomba ruhusa ya kusoma ujumbe, zikiwemo namba za siri za benki, na ya kujua mahali simu ilipo, hata ikiwa ni ndani ya kambi. Mwenye seva mara nyingi hajulikani kwa jina wala kwa nchi, na fedha zikitoweka, mpelelezi hana pa kuanzia.