Maji Yanapoingia Nyumba ya Wanyama wa Utafiti

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 2001, mvua za dhoruba iliyoitwa Allison ziliufurikisha mji wa Houston, Marekani, penye mojawapo ya mikusanyiko mikubwa ya hospitali na vyuo vya tiba duniani. Maji yaliingia katika orofa za chini ya ardhi, na huko ndiko wanyama wa utafiti walikokuwa wakitunzwa. Chuo cha Tiba cha Baylor kilipoteza panya zaidi ya 30,000. Katika chuo kikuu cha sayansi za afya kilicho jirani walikufa maelfu ya wanyama, wakiwamo kima 78 na mbwa 35. Miaka 11 baadaye, kimbunga Sandy kilipoipiga New York, maelfu ya panya wa Chuo Kikuu cha New York walikufa vivyo hivyo, nao pia walikuwa chini ya ardhi.

Mgonjwa aweza kuuliza hayo yamhusu nini. Dawa au chanjo anayopewa aghalabu ilipimwa kwanza kwa wanyama. Panya waliobadilishwa vinasaba ili waugue maradhi fulani huzalishwa kwa miaka, na wakifa wote, utafiti hurudi nyuma kwa muda huohuo. Tena, mnyama aliyefungiwa kizimbani hana pa kukimbilia. Dhamana ya uhai wake iko kwa aliyemfungia.

Kuwaweka chini ya ardhi hakukuwa uzembe mtupu. Huko joto halibadiliki sana, mitikisiko ni michache, mwanga wa mchana na giza la usiku hupangwa kwa taa, na wapita njia hawaingii ovyo. Wasanifu walifikiria siku za kawaida, wakaisahau siku moja isiyo ya kawaida.

Hata pasipo mafuriko, kukatika kwa umeme peke yake kwatosha kuua. Vizimba vya kisasa huingiziwa hewa kimoja kimoja kwa feni. Feni zikisimama, hewa chafu hujikusanya ndani. Kwa hiyo jenereta ni lazima, nayo ikaguliwe kwa mnyororo wake wote. Katika Hospitali ya Bellevue, New York, jenereta zilikuwa juu, orofa ya 13, lakini pampu za kuzipandishia mafuta zilikuwa chini. Maji yalipozizamisha, watu walibeba mafuta kwa mikono kwenye ngazi. Sisi tuliozoea umeme kukatika twaweza kudhani tumekwisha kujiandaa; swali ni kama kuna aliyewahi kuifuata njia ya mafuta kutoka tangi hadi injini.

Mwongozo wa Marekani wa matunzo ya wanyama wa maabara, toleo la nane la mwaka 2011, hutaka kila kituo kiwe na mpango wa maafa unaowahusu watumishi na wanyama pia. Lililo gumu humo ni kuchagua. Wanyama wote hawahamishiki, na walioambukizwa vimelea hatari hawawezi kutolewa nje hivi hivi. Orodha ya nani aokolewe kwanza iandikwe mapema, watafiti wakiwa wametulia, maana usiku wa gharika kila mmoja atawatetea panya wake. Wasioweza kuokolewa wauawe bila maumivu kabla ya kuachwa wazame au wafe njaa, na daktari wa wanyama atakayeamua hilo ajulikane kwa jina, pamoja na naibu wake.

Nasaba adimu zina kinga nyingine: viinitete au mbegu za kiume hugandishwa na kuhifadhiwa katika jengo jingine, mbali na la kwanza. Kugawana na maabara nyingine nako husaidia. Baada ya Sandy, baadhi ya watafiti walirudishiwa panya kutoka kwa wenzao waliowahi kuwagawia.

Mtumishi asitumwe majini kufuata kizimba. Mpango mzuri hutamka hivyo waziwazi, kwa kuwa wahudumu huwazoea wanyama wanaowalisha kila asubuhi, na wengine watataka kwenda.