Umeme Uliotumiwa Kuwaadhibu Watoto

Msomaji huenda umesikia kwamba wagonjwa wa akili hutiwa umeme, ukaogopa. Ni matibabu halali ya huzuni kali iliyoshinda dawa. Mgonjwa hutiwa usingizi kwanza, hupewa dawa ya kulegeza misuli, kisha umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache tu.

Katika hospitali ya Lake Alice, New Zealand, miaka ya 1970, watoto waliokuwa mikononi mwa serikali walitiwa umeme wakiwa macho, wengine hata miguuni na sehemu za siri, kwa sababu ya utundu. Wengi hawakuwa na ugonjwa wa akili. Walidungwa pia paraldehaidi, dawa ya kutuliza ambayo sindano yake huuma vibaya sana.

Serikali iliomba radhi mwaka wa 2001, lakini ilikiri kuwa hayo yalikuwa mateso Julai 2024 pekee. Mwezi wa Desemba, manusura walipewa hiari ya kulipwa dola 150,000 za huko. Baadhi ya wenzao walikuwa wameshafariki.

Dkt Selwyn Leeks, aliyesimamia wodi hiyo, alifariki mwaka wa 2022 bila kushtakiwa. Mimi kama daktari, hilo ndilo linalonikera zaidi.