TABIBU JAMES LIND NA MARADHI YA KISEYEYE

Katika zama za merikebu za matanga, mabaharia waliogopa kiseyeye kuliko tufani na mizinga ya adui. Mtu aliyekaa baharini miezi mingi, chakula chake biskuti kavu na nyama ya chumvi, alianza kulegea mwili. Kisha ufizi ulimvimba na kutoka damu, meno yakalegea, miguu ikafanya madoa meusi, na mwisho akafa.

Hata pwani yetu iliyaona maradhi hayo. Januari 1499 Vasco da Gama, akirudi kutoka Bara Hindi, alifika Malindi na wagonjwa wengi. Aliagiza machungwa kwa ajili yao, maana waliyatamani sana. Lakini wengine walikuwa wamekwisha dhoofika, wakafia hapo. Baadaye kidogo aliichoma moto merikebu yake moja, kwa kuwa watu waliosalia hawakutosha kuendesha tatu.

Miaka mia mbili na zaidi ikapita, na msiba ukawa ule ule. Mwaka 1740 Uingereza ilimtuma George Anson kupigana na Wahispania, pamoja na watu wapatao 1,900. Alirudi mwaka 1744 na mali nyingi aliyoteka, lakini watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamekufa. Waliouawa na adui ni wachache mno. Waliobaki, wengi wao waliuawa na maradhi, na kiseyeye ndicho kilichowaua wengi.

Basi mwezi wa Mei 1747, James Lind, mzaliwa wa Edinburgh, alikuwa tabibu wa manowari iliyoitwa Salisbury. Alichagua wagonjwa 12 ambao hali zao zilifanana, akawalaza mahali pamoja na kuwapa chakula cha namna moja. Kisha akawagawa wawili wawili. Wa kwanza aliwapa pombe ya matofaa. Wa pili, matone ya tindikali iliyozimuliwa. Wa tatu, siki. Wa nne, maji ya bahari. Wa tano, machungwa mawili na limau moja kila siku. Na wa sita, mchanganyiko wa kitunguu saumu, haradali na dawa nyingine.

Busara ya kazi hii ni kwamba mambo yote yalikuwa sawa ila dawa tu. Kwa hiyo wa dawa moja wakipona na wa dawa nyingine wasipone, ni rahisi zaidi kuitambua sababu.

Siku ya sita machungwa na malimau yalikwisha. Hata hivyo, mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini, na wa pili alipata nguvu hata akawekwa kuwauguza wenziwe. Waliokunywa pombe ya matofaa walipata nafuu kidogo. Wengine hawakupata faida ya kutajika.

Lind aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1753. Lakini yeye mwenyewe alidhani kiseyeye kina sababu nyingi, kama vile hewa yenye unyevu. Tena alishauri maji ya matunda yachemshwe hata yawe mazito ili yakae muda mrefu, asijue kuwa moto huyapunguzia nguvu. Lind alikufa mwaka 1794. Na mwaka 1795 ndipo wakuu wa manowari za Uingereza walipoamuru mabaharia wapewe maji ya malimau. Katika miaka hiyo 42 mabaharia wengi walikufa, na dawa ilikuwa imekwisha kuonekana.

Katika karne ya 20 wataalamu waliijua asili ya nguvu ile, nayo ni vitamini C. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza. Sharti aipate katika chakula. Imo katika machungwa, malimau, mapera, mapapai na mboga za majani. Nayo hupungua mboga zikichemshwa mno na maji yake yakamwagwa. Basi mwenye shamba na apande mti wa matunda karibu na nyumba yake, na mpishi asizidishe moto juu ya mboga. Wale wa merikebuni walikufa kwa kukosa kitu ambacho kwetu huokotwa chini ya mti.