Kufunga Dirisha si Kuzima Programu: Ombi, Tendo na Kikomo

Utangulizi

Mtumiaji wa tarakilishi anapobofya alama ya msalaba iliyo pembeni mwa dirisha, aghalabu hudhani kuwa ametenda tendo moja tu. Hakika, mambo matatu yanahusika: dirisha kuombwa lifungwe, dirisha lenyewe kufungwa, na programu nzima kukoma. Makala haya yanakusudia kuyatofautisha mambo hayo kwa mfano wa lugha ya Java, na kuonyesha kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana mchango katika uwanja huu unaodhaniwa kuwa wa wanasayansi pekee.

Dirisha na programu

Katika maktaba ya Swing, iliyojumuishwa katika toleo la Java 1.2 mwaka 1998, dirisha kuu huitwa JFrame. Mwanaprogramu asipotoa agizo lolote, kubofya msalaba hulificha dirisha tu. Programu huendelea kuwamo katika kumbukumbu ya tarakilishi, mithili ya mtu aliyefunga mlango na kuacha moto ukiwaka jikoni. Toleo la 1.3, la mwaka 2000, liliipa JFrame agizo la EXIT_ON_CLOSE, ambalo huizima programu nzima. Njia hii ni nyepesi, ila peke yake haimuulizi mtumiaji lolote kuhusu kazi ambayo hajaihifadhi.

Njia ya busara ni agizo la DO_NOTHING_ON_CLOSE, yaani dirisha lisijifunge lenyewe. Hapo programu hulisikiliza tukio liitwalo windowClosing, humuuliza mtumiaji, kisha hutenda. Akichagua kuhifadhi, kazi ihifadhiwe kwanza. Uhifadhi ukishindikana, dirisha libaki wazi. Akighairi, mambo yabaki yalivyokuwa. Tukio la pili, windowClosed, hutokea baada ya dirisha kuondolewa. Kumuuliza mtumiaji wakati huo ni kuziba ufa ukuta ukiwa umeanguka.

Tafsiri sisisi ya majina haya ingekuwa 'linafungwa' na 'limefungwa'. Kiambishi -me- kinafaa, kwa kuwa tendo limetimia. Kiambishi -na- kinapotosha, kwa kuwa kinadokeza tendo lililokwisha kuanza, ilhali hili ni ombi linaloweza kukataliwa. 'Linaombwa kufungwa' ni tafsiri iliyo karibu zaidi na maana.

Swali lenye mtego

Mwandishi wa makala haya aliwahi kutumia programu ndogo, iliyoundwa na mwanafunzi mwenzake, kunakili nyimbo za kazi alizozirekodi nyanjani. Alipotaka kutoka, programu iliuliza: 'Hutaki kuhifadhi?' Vitufe vilikuwa viwili, Ndiyo na La. Alibofya La, akimaanisha 'La, nataka kuhifadhi.' Kazi ya siku mbili ikapotea.

Msimbo haukuwa na kasoro, na tukio lilisikilizwa ipasavyo. Kasoro ilikuwa katika lugha. Katika Kiswahili, 'ndiyo' huafiki kauli ya muulizaji jinsi ilivyo: anayeulizwa 'Hujala?' hujibu 'Ndiyo, sijala.' Mwanaprogramu alifikiri kwa Kiingereza, ambamo jibu la kukubali hulenga tendo lenyewe, bila kujali ukanushi ulio katika swali.

Tiba yake ni rahisi. Swali liwe yakinishi: 'Je, uhifadhi mabadiliko kabla ya kutoka?' Vitufe navyo vibebe vitenzi: Hifadhi, Usihifadhi, Ghairi. Kwa namna hiyo, hata asiyelisoma swali kwa makini atajua kila kitufe kitafanya nini.

Hitimisho

Kufunga dirisha ni ombi. Kuzima programu ni uamuzi. Baina ya hayo mawili pana swali moja fupi, na usalama wa kazi ya mtumiaji hutegemea jinsi swali hilo lilivyoundwa. Mwanaprogramu anaweza kuhakikisha kwamba swali linaulizwa. Kuhakikisha kwamba linaeleweka ni jukumu ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatuna budi kushiriki.