Suala la Nyumba za Wafanyakazi Mbeya na Iringa: Hati, Masharti na Usimamizi

Katika nchi yenye shabaha ya usawa, suala la nyumba ya mfanyakazi haliwezi kuachwa mikononi mwa makarani wa majengo peke yao. Ni suala la siasa, kwa sababu linahusu nani ananufaika na jasho la nani. Mwalimu anayepangiwa shule ya kijiji huko Kilolo au Mufindi, au muuguzi anayepelekwa zahanati ya Chunya, huuliza kwanza atalala wapi kabla hajauliza habari za mshahara. Asipopata jibu, baada ya muda mfupi huomba uhamisho, na watoto wa wakulima hubaki bila mwalimu na wagonjwa bila mhudumu.

Katika makala hii tunataka kueleza nyumba ya kazi ni nini, imetoka wapi katika Nyanda za Juu Kusini, na kwa nini masharti ya hati na usimamizi wake ni jambo ambalo kada wa Chama anapaswa kulielewa sawasawa.

Nyumba ya kazi ni nyumba ambayo mtu huipata kwa sababu ya kazi anayoifanya. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ile anayokaa mfanyakazi akiwa mpangaji wa mwajiri wake. Kazi ikiisha, hurudisha ufunguo. Ya pili ni ile anayouziwa mfanyakazi kwa bei nafuu, lakini hati au mkataba wake una masharti: asiiuze kabla ya muda fulani, asiigeuze biashara, au akiiuza amuuzie mfanyakazi mwenzake. Namna zote mbili zina faida, na zote mbili zina hatari zake.

Nyumba katika mfumo wa kikoloni

Mikoa ya Mbeya na Iringa ilifanywa na wakoloni kuwa ghala la nguvukazi. Vijana wa Kinyakyusa, Kibena, Kikinga na Kihehe walichukuliwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Wengine walichimba dhahabu ya Lupa, au walichuma chai katika mashamba ya Mufindi yaliyofunguliwa na walowezi kati ya vita kuu mbili za dunia.

Huko kote mfanyakazi aliwekwa katika laini, yaani safu za vyumba vinavyofanana, chini ya macho ya mnyapara. Mjini nako makazi yaligawanywa kwa rangi. Hadi leo Mbeya ina sehemu zinazoitwa Uzunguni na Uhindini, na Iringa ina Gangilonga, mahali palipokuwa pa wakubwa wa serikali ya kikoloni. Majina hayo yanatukumbusha kwamba ramani ya mji ilikuwa ramani ya matabaka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 1955 ilimtaka mwajiri ampatie makazi mfanyakazi asiyeweza kurudi kwake kila siku. Kwa juujuu hilo lilionekana ni jambo la huruma. Lakini tutazame kwa makini. Chumba cha laini kilikuwa sehemu ya ujira, na sehemu hiyo ilibaki mikononi mwa mwajiri. Mfanyakazi aliyegoma alijua kwamba anahatarisha mambo mawili kwa mpigo: chakula chake na paa la watoto wake. Friedrich Engels, katika makala zake za mwaka 1872 juu ya suala la nyumba, alieleza kwamba nyumba inayomfunga mfanyakazi kwenye kiwanda kimoja humwondolea uwezo wa kuhama na kudai, na humpa tajiri nafasi ya kupunguza mshahara. Laini za mashambani zilikuwa mfano hai wa ukweli huo.

Kwa hiyo hatari ya kwanza ni hii: nyumba ya kazi inaweza kuwa mnyororo.

Juhudi baada ya Uhuru

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele ulifutwa, na ardhi ikawa mali ya umma inayotolewa kwa muda na kwa masharti. Msingi huo umebaki hata katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo inamweka Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote kwa niaba ya wananchi. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990.

Katika Nyanda za Juu Kusini juhudi hizo ziliendana na ujenzi wa uchumi. Reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ilileta kota za wafanyakazi wa reli. Kiwanda cha saruji cha Songwe, mashamba ya mpunga ya Mbarali na kiwanda cha karatasi cha Mgololo navyo vilihitaji nyumba, kwa sababu vilijengwa mahali ambapo hapakuwa na mji wa kuwapokea wafanyakazi. Hapa nyumba haikuwa fadhila. Ilikuwa sehemu ya mtambo. Bila nyumba, mashine zisingekuwa na watu wa kuziendesha.

Hata hivyo ni lazima tujikosoe. Kodi iliwekwa chini mno hata haikutosha kununua bati na rangi. Nyumba ya umma ikaonekana haina mwenyewe. Orodha ya wapangaji haikufuatwa, na mara nyingine ndugu wa mkubwa alipata kota kabla ya fundi wa mitambo. Mfanyakazi aliyetumikia miaka 30 alistaafu akakabidhi ufunguo akiwa hana hata kiwanja. Alimwacha nyuma mpangaji mpya, yeye akaondoka mikono mitupu. Viwanda vilipobinafsishwa, majengo na maslahi ya waliokuwa wakiishi ndani yake yakawa jambo la kubishaniwa.

Uuzaji wa mwaka 2002 na mwaka 2027

Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi waliokuwa wakiishi ndani yake. Mwaka huo huo uliundwa Wakala wa Majengo Tanzania. Sababu iliyotolewa ilikuwa na uzito: mtumishi apate kwake, na Serikali ipunguze mzigo wa matengenezo. Mikataba iliweka sharti kwamba nyumba isiuzwe kabla ya miaka 25.

Matokeo yake yalizungumzwa Bungeni zaidi ya mara moja. Mtumishi mmoja alipata nyumba, lakini yule aliyekuja baada yake kushika kazi ile ile hakuikuta. Serikali ikalazimika kupanga au kujenga upya. Nyumba iliyokuwa imehudumia watumishi kumi kwa zamu ilimhudumia mmoja, na baada yake warithi wake.

Na sasa tupige hesabu. Miaka 25 tangu 2002 inatimia mwaka 2027. Kuanzia hapo, nyumba zilizojengwa kwa fedha ya umma, nyingi zikiwa katika viwanja vizuri katikati ya miji, zitaanza kuingia sokoni bila sharti hilo. Hatusemi wenye nyumba wanyang'anywe. Walinunua kwa mujibu wa mkataba, na mkataba uheshimiwe. Tunachosema ni kwamba sharti lenye kikomo huahirisha tatizo tu. Mtu wa kwanza hufungwa na sharti, lakini faida yote hubaki kwa atakayekuwa ameshika hati siku sharti linapokufa.

Thamani inatoka wapi?

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtumishi mjini Iringa ameuziwa nyumba kwa shilingi milioni 20. Baada ya miaka 10 soko linasema ina thamani ya shilingi milioni 90. Tuseme ongezeko halali la mwenye nyumba ni asilimia 3 ya bei ya kununulia kila mwaka, yaani shilingi laki 6, ambazo kwa miaka 10 ni milioni 6. Bei ya haki ingekuwa milioni 26, pamoja na gharama za kile alichoongeza mwenyewe. Hizo milioni 64 zilizobaki zimetoka wapi?

Hazikutoka katika jasho lake. Zimeletwa na barabara ya lami, maji ya bomba, Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa kilichoanza mwaka 2005, na wageni wanaopita Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha. Mbeya nako, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichopata hadhi hiyo mwaka 2012 na biashara ya mpakani vimepandisha kodi za vyumba. Thamani hiyo imeumbwa na jamii nzima. Mtu mmoja akiichukua yote, amechuma asichopanda. Sharti la bei katika hati ndilo linalozuia jambo hilo.

Fundisho kutoka nchi ya kibepari

Wako watakaosema haya ni mawazo ya kale. Watazame mji wa Aspen katika jimbo la Colorado, Marekani. Ni mji wa matajiri wanaokwenda kuteleza kwenye theluji. Soko huria lilipoachiwa nyumba, wapishi, madereva, walimu na zimamoto hawakuweza tena kulala katika mji wanaouhudumia. Tangu miaka ya 1980 mamlaka ya mji na wilaya yake inasimamia nyumba zenye hati za masharti, ambazo sasa ni takriban 3,000. Mwenye nyumba hizo anatakiwa afanye kazi saa 1,500 kwa mwaka katika wilaya hiyo, akae humo angalau miezi 9 kwa mwaka, na akiuza asizidishe bei iliyowekwa. Hata ngome ya ubepari imelazimika kukiri kwamba soko peke yake halimpi mfanyakazi nyumba.

Lakini tusiige bila kufikiri. Hata huko kuna matatizo: wastaafu hubaki katika nyumba zilizokusudiwa wafanyakazi, na mwenye nyumba asiyeruhusiwa kupandisha bei huona uvivu kutengeneza paa. Ndiyo maana sharti zuri bila usimamizi mzuri ni karatasi tu.

Misingi ya usimamizi

Kwanza, sharti liandikwe katika hati na katika daftari la msajili. Sharti lililomo katika mkataba peke yake humfunga aliyetia sahihi. Likisajiliwa, huifuata nyumba hata ikibadilisha mikono. Mnunuzi wa tatu hawezi kusema hakujua. Tena mwenye kusimamia nyumba apewe haki ya kuwa mnunuzi wa kwanza kwa bei iliyowekwa.

Pili, orodha ya wanaosubiri ibandikwe ukutani. Foleni iliyofichwa droo ya karani ni mlango wa rushwa. Kila mtu aone nani yuko mbele yake na kwa sababu gani.

Tatu, kodi itoshe matengenezo, na fedha hiyo itengwe. Nyumba ikaguliwe kila mwaka na ripoti isomwe mbele ya wapangaji wenyewe. Kodi ya bure huua nyumba. Kodi ya soko humfukuza mfanyakazi.

Nne, kutoka kuwe na utu. Mfanyakazi aliyestaafu, aliyeachishwa kazi, au mjane wa marehemu asitupiwe vyombo nje siku ile ile. Muda wa kuhama uandikwe wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha tambua kwamba mfanyakazi aliyetolewa mbali anapaswa kusafirishwa hadi alikoajiriwa, na kulipwa posho ya kujikimu akisubiri safari. Msimamo huo uongoze pia suala la nyumba. Na katika miaka yote ya kazi, mfanyakazi asaidiwe kuweka akiba ya kujenga kwake, ili ufunguo wa kota usiwe mnyororo wala kustaafu kusiwe adhabu.

Tano, anayegawa asijigawie. Masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini mantiki yake haijafa: mtu hawezi kuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe.

Vijijini jambo hili si geni. Wananchi wa Mufindi, Kilolo na Rungwe wamefyatua matofali na kubeba mawe kwa kujitolea ili mwalimu apate nyumba. Kila mwanakijiji anaelewa kwamba nyumba ile ni ya mwalimu wa shule ile, awe nani awaye. Akihama, humpisha anayekuja. Hakuna aliyewahi kupendekeza auziwe mwalimu wa kwanza. Hilo ndilo sharti la hati, hata kama halijaandikwa na mwanasheria.

Wajibu wetu

Kazi ya kada ni kuanza na mambo yaliyo karibu naye. Nyumba za kazi zilizomo katika kata yetu ni ngapi? Nani anakaa ndani yake, na kwa masharti gani? Zile zilizouzwa, sharti lake linakwisha lini? Nyumba ya mwalimu iliyojengwa kwa nguvu za wananchi imeandikishwa kwa jina la nani? Tawi lisiloweza kujibu maswali hayo lisishangae siku litakaposikia kwamba nyumba imeuzwa.

Nyumba mpya za umma zinajengwa, na nyingine zitajengwa. Tusirudie kosa la kuzitoa kwa kizazi kimoja. Wala tusirudie laini za mlowezi, ambamo mtu aliogopa kusema kwa kuhofia kulala nje. Mfanyakazi alale bila hofu, na mwenzake atakayemrithi kazi akute mlango uko wazi. Muda uliobaki kabla ya 2027 ni mfupi, na hesabu ya nyumba haijahitaji fedha ya kigeni wala mtaalamu kutoka mbali. Inahitaji daftari, kalamu na watu wasioogopa kuuliza.